Kliniki ya kontena haifuti deni la ratiba ya safari

Vyuo vya biashara vinasifu ubunifu wa kijamii wa makampuni. Swali la uwajibikaji bado linamsubiri mwenye lori, mwenye mzigo na mpanga safari.

Mwaka 2005, katika mji mdogo wa Mwanza ulioko karibu na mpaka wa Malawi na Msumbiji (si Mwanza ya Ziwa Victoria), ilifunguliwa zahanati ya aina yake kandokando ya barabara kuu. Wateja wake wakubwa walikuwa madereva wa malori ya masafa marefu na watu wanaoishi kwa kuwahudumia madereva hao: mama lishe, wenye nyumba za wageni na wanawake wanaouza miili yao katika vituo vya malori.

Waanzilishi walikuwa wawili ambao kwa kawaida hawakai meza moja: TNT, kampuni ya usafirishaji ya Uholanzi, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP). Mwaka uliofuata, 2006, mpango huo ukawa shirika kamili lililoitwa North Star Alliance. Likaanza kuweka vituo vya namna hiyo katika njia kuu za mizigo barani Afrika, vingi vikiwa ndani ya makontena yaliyokatwa milango na madirisha. Kwa upande wa Afrika Mashariki, madereva wengi wa njia ya Mombasa kwenda Uganda wanavikumbuka vituo vya Mlolongo na Salgaa nchini Kenya.

Sababu ya mpango huo ilikuwa ya kibiashara kama ilivyokuwa ya kibinadamu. WFP inategemea malori kufikisha chakula kwa wenye njaa. Katika nchi za kusini mwa Afrika miaka ile, UKIMWI ulikuwa unaondoa madereva wenye uzoefu kwa kasi iliyozitisha kampuni za usafirishaji. Lori lilikuwepo, mafuta yalikuwepo, mzigo ulikuwepo, lakini wa kushika usukani hakuwepo.

Habari hii iliingia darasani. INSEAD, chuo cha biashara chenye makao yake Fontainebleau, Ufaransa, kiliufanya ushirikiano wa TNT na WFP kuwa somo kwa wanafunzi wake kupitia maandishi ya Profesa Luk Van Wassenhove na wenzake. Kwa wasomi wa biashara huu ulikuwa mfano mzuri wa kile wanachokiita ubunifu wa kijamii, yaani njia mpya ya kutatua tatizo la jamii ambayo ni bora kuliko zilizopo na ambayo faida yake inawaendea watu wengi badala ya mtu mmoja.

Sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, mfano huo una upande wa pili ambao kila msafirishaji wa kanda hii anapaswa kuutazama: kliniki inamtibu dereva, lakini haigusi kilichomfanya augue.

Walivyobishana wasomi

Mjadala kuhusu wajibu wa kampuni kwa jamii ni wa miaka mingi. Septemba 1970 mchumi Milton Friedman wa Chuo Kikuu cha Chicago aliandika katika jarida la gazeti la New York Times kwamba wajibu wa kijamii wa biashara ni kuongeza faida yake, almradi inafuata kanuni za mchezo. Kwa hoja yake, meneja anayetoa fedha za kampuni kwa ajili ya jamii anatoa fedha za wengine: wenye hisa, wateja au wafanyakazi.

Mwaka 1984 R. Edward Freeman alikuja na hoja ya wadau. Alisema kampuni haiishi kwa wenye hisa peke yao. Inaishi pia kwa wafanyakazi, wateja, wanaoiuzia bidhaa na jamii inayoizunguka, na meneja asiyewajali hao wote ataona biashara ikimponyoka mikononi.

Mwaka 2011 Michael Porter wa Harvard na mwenzake Mark Kramer walijaribu kuyapatanisha mawazo hayo mawili. Walisema kampuni inaweza kutafuta faida na kutatua tatizo la jamii kwa tendo moja, na hilo wakaliita thamani ya pamoja. Zahanati ya madereva inaingia vizuri katika hoja hiyo, kwani dereva mwenye afya ni faida kwa familia yake na kwa mwenye lori vilevile.

Lakini mwaka 2014 wasomi wanne, Andrew Crane, Guido Palazzo, Laura Spence na Dirk Matten, waliipinga hoja ya Porter na Kramer katika jarida la chuo cha biashara cha Berkeley, California. Pingamizi lao moja linawahusu sana wafanyabiashara wa mpakani. Walisema nadharia hiyo inapenda kuzungumzia mahali ambapo faida na wema vinakutana, na inapita haraka mahali ambapo vinagongana. Kampuni itachagua mradi mmoja mzuri wenye faida kwa pande zote na kuutangaza, huku sehemu ya biashara inayoumiza watu ikiendelea kama kawaida kwa sababu kuirekebisha kunakula faida.

Kwa lugha ya barabarani, ni rahisi kumjengea dereva zahanati. Kumpa muda wa kulala ni kazi ngumu zaidi.

Hesabu ya saa

Hoja hiyo inapimika kwa hesabu ndogo. Kutoka Mombasa hadi Malaba ni kilomita zipatazo 900. Lori lenye mzigo kamili likienda kwa wastani wa kilomita 45 kwa saa, dereva anahitaji saa 20 za kuwa nyuma ya usukani, bila kuhesabu mizani, chakula, matengenezo wala foleni.

Sheria ya trafiki ya Kenya inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 ndani ya kila saa 24. Kwa hiyo saa 20 za usukani zinaingia siku ya tatu. Hapo mpakani bado hajafika kwenye karatasi za forodha.

Sasa chukua kampuni inayomwahidi mwenye mzigo kwamba kontena litakuwa Malaba baada ya saa 36. Dereva akitumia saa zake zote 8 za siku ya kwanza na zote 8 za siku ya pili, atakuwa ameendesha saa 16, sawa na kilomita 720. Hapo hata Eldoret hajaiona. Ahadi ile inaweza kutimia kwa njia mbili tu: avunje sheria, au awe na dereva mwenzake wa kupokezana naye. Gharama ya dereva wa pili haimo katika bei nyingi za usafirishaji.

Aliyeitoa ahadi hiyo yuko ofisini, na anayekamatwa, anayelala usukani au anayepata ajali yuko barabarani. Aidha, pale ambapo posho inalipwa kwa safari badala ya siku, dereva mwenyewe anakuwa na sababu ya kukimbiza gari. Akisimamishwa mpakani kwa siku nne, posho iliyokusudiwa siku mbili inakwisha. Hapo ndipo maisha ya kituo cha malori yanapoanza: kulala ndani ya kabini, kula kwa mkopo, pombe, na mahusiano ambayo zahanati ya kontena ililetwa kutibu matokeo yake.

Hivyo foleni, ratiba na namna ya kulipa posho ni sehemu ya ugonjwa. Kituo cha afya kinaupokea ugonjwa huo ukiwa umeshafika mlangoni.

Wema haufuti kosa

Jambo hili lilipewa msimamo wa kimataifa Juni 2011, pale Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipopitisha Kanuni Elekezi kuhusu Biashara na Haki za Binadamu. Mwandishi mkuu wa kanuni hizo alikuwa John Ruggie, profesa wa Harvard. Zimejengwa juu ya nguzo tatu: serikali ina wajibu wa kulinda haki, kampuni ina wajibu wa kuziheshimu, na aliyeumizwa lazima awe na mahali pa kupata haki yake.

Maelezo ya kanuni ya 11 yanasema wazi kwamba kampuni inaweza kufanya mambo mengine mema ya kuinua haki za watu, lakini mema hayo hayafidii kushindwa kwake kuheshimu haki katika shughuli zake yenyewe. Kanuni ya 13 inakwenda mbali zaidi. Inaitaka kampuni ijiepushe na kusababisha madhara au kuchangia madhara, na ijitahidi kuzuia madhara yanayofungamana na shughuli zake kupitia wale inaofanya nao biashara, hata kama si yeye iliyoyachangia.

Kwa msafirishaji mwenye malori kumi, maneno hayo yanaweza kuonekana ya mbali. Lakini yanagusa mnyororo mzima wa mzigo. Mwenye kiwanda anayelazimisha muda usiowezekana anachangia. Wakala anayechelewesha nyaraka huku lori likiwa limeshafika mpakani anachangia. Mwenye lori anayekubali mkataba huo akijua hautekelezeki kihalali anasababisha.

Kanuni Elekezi si sheria yenye adhabu. Zipo nchi, hata hivyo, zilizoligeuza wazo kama hilo kuwa sheria ya usafirishaji. Australia ndiyo mfano unaotajwa sana. Sheria yake ya taifa ya magari mazito, iliyoanza kutumika katika majimbo yake mengi mwaka 2014 na kukazwa Oktoba 2018, haimwangalii dereva na mwenye gari peke yao. Inawataja pia anayetuma mzigo, anayeupokea, anayeupakia na anayepanga ratiba. Kila mmoja ana wajibu wa kuhakikisha usalama kwa kadiri ya uwezo wake juu ya safari ile. Meneja aliyeagiza ratiba inayomlazimisha dereva kukesha hawezi kujificha nyuma ya dereva.

Katika kanda yetu mbegu za wazo hilo zipo. Sheria ya Makampuni ya Kenya ya mwaka 2015, kifungu cha 143, inamtaka mkurugenzi anapoitafutia kampuni mafanikio azingatie maslahi ya wafanyakazi, uhusiano na wateja na wanaoiuzia kampuni bidhaa, na athari za kampuni kwa jamii na mazingira. Hapo Freeman ameingia katika kitabu cha sheria. Kinachokosekana ni kiungo cha kumfikia mpanga ratiba wa mzigo moja kwa moja, kama Australia ilivyofanya.

Somo la corona mpakani

Wafanyabiashara wa Malaba na Busia hawahitaji kwenda Australia kuona tofauti kati ya ubunifu na uwajibikaji. Waliiona mwaka 2020.

Ugonjwa wa corona ulipoingia, dereva wa lori aligeuka mtuhumiwa. Kila nchi ilitaka kumpima kwa utaratibu wake, majibu yalichukua siku, na foleni ya malori Malaba ikafika makumi ya kilomita. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilileta ubunifu: mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva, ambao ulimwezesha dereva kuonyesha cheti chake kwenye simu na kutambuliwa na nchi wanachama bila kupimwa upya kila mpaka.

Ulikuwa mpango mzuri, na ulitegemea jambo moja ambalo programu ya simu haiwezi kulitoa: kila nchi kuheshimu cheti cha mwenzake. Januari 2022 Uganda ilipotaka kila dereva apimwe mpakani kwa malipo, madereva waligoma na foleni ndefu ikarudi hadi utaratibu huo ulipolegezwa. Simu zilikuwa zile zile na mfumo ulikuwa ule ule. Kilichopungua ni yule wa kuwajibika ahadi inapovunjwa.

Hasara ya siku zile ilibebwa na nani? Mwenye mzigo alilipa tozo ya kuchelewa kurudisha kontena. Mwenye lori alipoteza safari. Dereva alikaa siku nyingi bila posho ya ziada. Hakuna ofisi ya serikali yoyote iliyokuwa na dirisha la kuwalipa hao watatu. Hiyo ndiyo nguzo ya tatu ya Ruggie, mahali pa kupata haki, na mpakani ndiyo dhaifu kuliko zote.

Mfadhili akiondoka

Kuna swali lingine ambalo vyuo vya biashara vimeanza kulitilia mkazo: ubunifu wa kijamii unaishi kwa fedha za nani?

TNT iliyoanzisha vituo vya madereva si TNT ya leo. Mwaka 2011 iligawanywa, huduma za posta zikabaki upande mmoja na usafirishaji wa haraka ukaitwa TNT Express. Mwaka 2016 TNT Express ilinunuliwa na FedEx ya Marekani kwa euro bilioni 4.4. Biashara kuuzwa ni jambo la kawaida. Lakini huduma ya afya inayotegemea moyo wa mkurugenzi mmoja au bajeti ya kampuni moja ya mbali inaweza kuyumba siku kampuni hiyo inapopata mwenye mali mpya.

Suala la fedha linagusa hata mahali pa kuweka kituo. Watafiti Harwin de Vries, Joris van de Klundert na Albert Wagelmans waliutumia mtandao wa North Star katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Tatizo walilolichambua ni hili: je, kituo kiwekwe pale penye malori mengi zaidi, au pale ambapo pengo kati ya kituo na kituo ni refu mno? Kuweka kituo penye msongamano kunaleta idadi kubwa ya wagonjwa, na idadi hiyo inapendeza katika ripoti kwa mfadhili. Lakini dereva mwenye VVU, kifua kikuu au shinikizo la damu anahitaji dawa safari nzima, si kituo kimoja kikubwa nyumbani na jangwa la kilomita mia nane mbele yake.

Hapo ndipo uwajibikaji unapoonekana ndani ya ubunifu wenyewe. Kinachohesabiwa ndicho kinachojengwa. Akihesabiwa mgonjwa aliyeonekana mara moja, vituo vitafuata msongamano. Akihesabiwa dereva aliyemaliza dozi yake kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi, ramani ya vituo itakuwa nyingine.

Kwa nini mmoja peke yake hawezi

Msafirishaji anayesoma haya anaweza kuuliza swali la haki: nikirefusha ratiba yangu na kulipa posho kwa siku, mteja si atahamia kwa jirani yangu anayeahidi saa 36?

Ndiyo, anaweza kuhama. Hapa hoja ya Friedman kuhusu kanuni za mchezo inarudi kwa njia ambayo wengi huisahau. Ikiwa kampuni inatakiwa kutafuta faida ndani ya kanuni, basi ubora wa kanuni ndio kila kitu, na kampuni yenye nia njema ina maslahi ya kuzidai kanuni zilizo sawa kwa wote.

Kanda hii imeshaliona hilo kwenye uzito wa mizigo. Kabla ya Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, kila nchi ilikuwa na desturi zake, na aliyezidisha mzigo alimshinda bei aliyefuata uzito. Sheria hiyo iliweka ukomo wa tani 56 kwa nchi wanachama, na Tanzania ikaanza kuitekeleza mwaka 2019. Manung'uniko yalikuwepo na bado yapo, lakini anayepakia kwa mujibu wa sheria amepata mahali pa kusimamia. Saa za dereva zinahitaji njia hiyo hiyo: kanuni moja kutoka bandarini hadi mwisho wa safari, inayomgusa pia aliyeagiza mzigo.

Mpaka kanuni hiyo ije, yapo mambo ambayo mwenye lori na mwenye mzigo wanaweza kuyafanya kwenye mkataba bila kusubiri bunge. La kwanza ni kuandika muda wa safari kwa hesabu ya saa halali za usukani, na kuandika wazi nani analipa siku za kukaa mpakani. La pili ni posho ya dereva kuhesabiwa kwa siku anazokuwa nje, ili foleni isiwe adhabu yake peke yake. La tatu ni nyaraka za forodha kukamilika kabla lori halijaondoka bandarini, na wakala kubeba gharama ya ucheleweshaji alioufanya yeye. La nne ni vyama vya wasafirishaji kuchangia vituo vya afya vya njia zao, ili visiwe zawadi ya mgeni inayoweza kuondoka.

Hakuna hata moja kati ya hayo litakalopigwa picha kwa ajili ya ripoti ya mwaka kama kontena jipya lililopakwa rangi. Lakini yote yanapunguza idadi ya madereva watakaolihitaji kontena hilo.

Mteja akipiga simu leo kuuliza mzigo wake utafika Malaba lini, jibu litakalotolewa ofisini ndilo litakaloamua usiku wa dereva. Kabla ya kutaja saa, apige hesabu ya kilomita 900 na saa 8 kwa siku.